Tazama mbingu kabla ya kushuka bichi

Mbinzo zimejaa sokoni na watoto wanarudi shuleni mwanzo wa Septemba. Ishara hizo mbili kila mmoja wetu anazijua. Ya tatu inakuja pamoja nazo, lakini tunaizungumza kidogo sana: mto umeanza kupanda. Kutoka sasa hadi karibu na Noeli maji yataongezeka, mvua zitakuwa nyingi kuliko miezi mingine, na pepo za alasiri zitapiga bila kubisha hodi. Na ni katika majuma haya haya ndipo familia nyingi za Yahuma zinasafiri. Huyu anampeleka binti yake Kisangani kuanza masomo ya chuo, yule anapandisha magunia ya mpunga na bidoni za mawese ili apate pesa za yunifomu na madaftari. Hatuishi wote kando ya mto mkubwa, lakini wote tunaufikia siku moja, na tukiufikia mara nyingi tunakuwa na mizigo mingi na haraka nyingi.

Neno lenyewe bichi linanichekesha kidogo. Kwetu bichi ni mahali pa kupandia chombo: matope, magunia, makelele ya wapakiaji, kuku waliofungwa miguu, mama anayeuza kwanga. Huko Ulaya na Marekani, neno hilo hilo lina maana ya mchanga wa baharini, na mwezi huu wa Agosti familia zao zinakwenda huko kupumzika kabla ya shule kuanza. Lakini kuna jambo moja tungeweza kuiga. Kabla mtoto hajaingia majini, mzazi anaangalia kwanza hali ya siku ile: mawimbi yana urefu gani, upepo unatoka wapi, na bendera iliyosimamishwa kando ya maji ni ya rangi gani. Ikiwa ya kijani, wanaogelea. Ya njano, wanajihadhari. Nyekundu, wanabaki mchangani na hakuna anayebishana. Sisi bichini kwetu hatuna bendera. Tuna sauti ya kondakta inayosema "pandeni, pandeni, tunaondoka", na sauti hiyo haibadiliki hata mbingu ikiwa nyeusi.

Nchi yetu nayo ina bahari, ingawa ni kipande kidogo, kama kilomita 40 tu, huko Muanda, mahali mto Kongo unapomwagikia katika Atlantiki. Wanafunzi wangu wa darasa la sita hushangaa nikiwaambia kwamba miezi ya Juni hadi Septemba, wakati sisi tunapata mvua, Muanda ni wakati wa kiangazi chenye baridi na mawingu yasiyonyesha. Mkondo wa maji baridi unaopanda kutoka kusini ya Afrika unapoza pwani ile, na hewa ikipoa hivyo haitoi mvua. Hata hivyo mawimbi ni makubwa. Yanazaliwa mbali sana kusini, karibu na bahari ya barafu, kwa sababu huko ndiyo majira ya baridi na tufani, halafu yanasafiri siku nyingi hadi kupasuka kwenye fukwe za Angola na za kwetu. Ndugu zetu wa Angola wanayaita kalema. Mvuvi wa Muanda anaweza kuamka asubuhi isiyo na upepo hata kidogo na kukuta mawimbi yanayomkatalia kutoa mtumbwi wake.

Mawimbi hayo hayawezi kutufikia sisi. Kati yetu na bahari kuna maporomoko ya Inga na yale ya chini ya Kinshasa, halafu zaidi ya kilomita 1,700 za mto kutoka Kinshasa hadi Kisangani. Wimbi la kwetu linazaliwa hapa hapa, kwa upepo wa hapa hapa, tena kwa muda mfupi. Ndiyo sababu linatushtua.

Kuna swali ambalo wazazi huniuliza wakisikia habari za tufani kubwa za Atlantiki redioni, zile zenye majina ya watu, ambazo huvuma Agosti, Septemba na Oktoba na kubomoa miji ya Marekani na visiwa vya Karibi. Je, zinaweza kufika Tshopo? Hapana. Nyingi kati ya zile kali huanza karibu na visiwa vya Cape Verde, magharibi ya Afrika, zikaelekea magharibi zaidi, mbali nasi. Tena tufani ya namna ile inahitaji mzunguko wa dunia ili ijizungushe, na msaada huo ni dhaifu sana karibu na ikweta. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Kwa hiyo tunaweza kuliondoa jina hilo katika hofu zetu. Hofu inayotuhusu ni nyingine: dhoruba ya radi ya saa moja, isiyo na jina, ambayo redio haitaitangaza.

Kwanza niseme juu ya maji yenyewe. Mto Kongo unavuka ikweta mara mbili, mara ya kwanza upande wa Ubundu, mara ya pili Mbandaka. Kwa sababu hiyo unakunywa mvua za pande zote mbili za dunia, na hapa Kisangani na chini yake unapanda mara mbili kwa mwaka. Kupanda kwa kwanza ni kudogo, mnamo Aprili na Mei, maji ya Lualaba yanapotelemka kutoka Katanga na Maniema. Kupanda kwa pili ndiko kukubwa, na kilele chake ni Novemba na Desemba, baada ya mvua za kwetu wenyewe. Maji yanakuwa machache Februari na Machi, na tena kidogo Julai. Kituo cha utafiti cha Yangambi, kilometa 100 hivi chini ya Kisangani, ambacho Wabelgiji walikifanya makao ya utafiti wao wa kilimo tangu miaka ya 1930, kimepima mvua kwa miaka mingi, na kipimo cha kawaida ni karibu milimita 1,800 kwa mwaka. Milimita moja ni litre moja katika kila mita moja ya mraba. Basi mita moja ya mraba ya kiwanja chako, mahali unapoweza kutandika mkeka mdogo, inapokea kwa mwaka mapipa tisa ya litre 200. Karibu nusu ya mapipa hayo inaanguka kati ya Agosti na Novemba.

Kuna miaka inayopita kiasi. Wazee bado wanataja mafuriko ya mwishoni mwa 1961, wakati maji pale Kinshasa yalipofika mita 6.26 katika kipimo cha bandari. Mwishoni mwa 2019 maji yaliingia tena katika nyumba za watu, na Januari 2024 kipimo cha Kinshasa kilifika mita 6.20, yaani sentimita sita tu chini ya rekodi ile. Kabla maji hayajafika kule yalikuwa yamepita kwetu, na watu wa kando ya mto walilala juu ya meza na kupikia kwenye mitumbwi. Kwa mama mwenye nyumba karibu na maji, Septemba ndiyo mwezi wa kuinua gunia la mbegu na sanduku la vyeti vya watoto. Ukingoja Desemba utaviinua vikiwa vimelowa.

Maji yanayopanda yanaonyesha dalili kabla. Yale majani yanayoelea, yale tunayoita Kongo ya sika, yaliyoingia katika mto wetu miaka ya 1950, yanang'olewa kando na kuteremka kwa visiwa vizima. Mto unakuwa na rangi ya chai ya maziwa, na magogo yanakuja, mengine yakiwa yamezama nusu na yakionyesha mgongo tu kama kiboko. Mchana nahodha mzuri anayaona. Usiku hakuna anayeyaona. Miezi ya maji machache shida ni mafungu ya mchanga, chombo kinakwama na watu wanashuka kusukuma, hasira nyingi lakini mara chache mtu hufa. Miezi ya maji mengi shida ni gogo na mbio za mkondo, na hapo hakuna pa kushuka. Pale Isangi, Lomami inapoingia, na pale Basoko, Aruwimi inapoingia, maji ya mito miwili yanagombana na kufanya vizingia. Mwenye mtumbwi mdogo apite mbali na mahali hapo, hata ikimzidishia nusu saa.

Sasa upepo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linaweza kumsaidia mtu siku hiyo hiyo.

Siku ya dhoruba huanza vizuri. Asubuhi jua ni kali, hewa nzito, nguo hazikauki vema. Kufika saa saba au saa nane mchana mawingu yanapanda juu kama kauliflawa, na kichwa cha wingu kinatandaa kama meza. Chini yake ni peusi. Kisha joto linasimama kabisa, ndege wananyamaza, halafu ghafla unapata pumzi ya baridi usoni. Pumzi ile si mvua bado. Ni hewa iliyopozwa na mvua inayonyesha mbali, imeanguka chini na kukimbia mbele ya wingu kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ukiisikia ukiwa katikati ya mto, umebakiwa na dakika chache, na pengine mbili tu.

Dhoruba kubwa za bonde la Kongo husafiri kutoka mashariki kwenda magharibi. Tazama basi mto wetu: kutoka Kisangani hadi Isangi nao unaelekea magharibi. Maana yake ni hii. Ukipanda kwenda Kisangani, dhoruba inakuja mbele yako, unaiona, unapata wakati wa kukaribia kando. Lakini ukishuka kurudi nyumbani, umeuza, umechoka, umefunika mtoto kwa kitenge, dhoruba inakufuata mgongoni. Watu wote wanatazama mbele na hakuna anayegeuka. Kwa hiyo katika safari ya kurudi ninapenda kukaa nikitazama nyuma, na wanaonicheka waendelee kucheka.

Upepo ukifika juu ya maji, ukubwa wa wimbi unatokana na mambo matatu: nguvu ya upepo, muda unaovuma, na urefu wa maji yaliyo wazi mbele yake. Karibu na kisiwa au ukingo, upepo hauna nafasi ya kukimbia, wimbi linabaki dogo. Katikati, mahali mto una upana wa kilomita kadhaa, unajipatia nafasi. Na kama upepo unavuma kinyume cha mkondo, wimbi linasimama, linakuwa fupi na kali, kama hatua za ngazi. Wimbi la nusu mita mtu wa Muanda angelicheka. Lakini mvuvi wa Muanda ana mtumbwi uliojengwa kwa wimbi. Balenieri yetu ni mbao zilizopigiliwa misumari, imepakiwa hadi maji yanabaki chini kidogo ya ukingo, na juu yake kuna bashi iliyofungwa kama tanga. Upepo wa ubavuni unaisukuma ile bashi, chombo kinainama, watu wanaogopa na kukimbilia upande mmoja, na hapo uzito wao unamaliza kazi ambayo upepo ulianza. Walio chini ya bashi hawapati mlango.

Sisemi haya kwa kuwatisha. Tarehe 10 Septemba 2025, huko Basankusu katika mkoa wa Équateur, chombo cha motere kilipinduka na watu zaidi ya 80 wakafa, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Watoto wa umri wa wale ninaowafundisha, juma la pili la mwaka wa shule. Iliyotajwa kama sababu ilikuwa upakiaji mbaya na safari ya usiku. Kesho yake, katika wilaya ya Lukolela ya mkoa huo huo, chombo kingine kiliwaka moto na watu zaidi ya mia moja wakapoteza maisha. Mwaka uliotangulia, Juni 2024, zaidi ya 80 walikufa katika mto Kwa, mkoa wa Mai-Ndombe, nao pia walisafiri usiku. Serikali ilishakataza safari za usiku. Amri ipo, na baada ya kila msiba inasomwa tena. Halafu saa kumi na moja jioni mwenye chombo anasema bado nafasi kumi hazijajaa, na watu wanangoja.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze kama wamama. Kwa nini tunapanda? Kwa sababu tumekwisha kulipa na pesa hairudi. Kwa sababu ukilala bichini usiku mmoja unatumia pesa ya chakula, na mizigo inaweza kuibiwa. Kwa sababu mtoto anatakiwa kuandikishwa Jumatatu. Sababu hizo ni za kweli na simlaumu mama yeyote. Lakini nimeona kwamba mtu mmoja akikataa anaitwa mwoga, wanawake sita wakikataa pamoja chombo kinangoja asubuhi, kwa maana magunia sita na mizigo yao ndiyo faida ya mwenye chombo. Wale wanaosafiri kwa soko moja wapange siku moja, na wakubaliane kabla ya kufika bichini, nyumbani kwa utulivu, mambo gani yatawafanya washuke.

Mimi nina yangu. Chombo kisichoondoka kabla ya saa nne asubuhi kwa safari ya mchana mmoja, sipandi, maana kitakutana na dhoruba ya alasiri au na giza, au vyote viwili. Ukingo wa balenieri ukiwa juu ya maji kwa kimo kisichofika urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, sipandi. Mtumbwi mdogo wa kuvuka nataka angalau kiganja kilichonyooshwa, maji yakiwa yametulia. Hivyo ni vipimo vyangu, si vya sheria, lakini havihitaji chombo cha kupimia. Ndani ninakaa karibu na ukingo, si chini kabisa ya bashi, mtoto hafungwi mgongoni bali anashikwa mbele, na viatu vinavuliwa. Upepo ukianza: kaeni chini, kila mtu mahali pake, bashi ifunguliwe, na nahodha aelekeze pua ya chombo kwenye upepo huku akitafuta ukingo. Vilio vya "twende upande huu" ndivyo vinavyoua.

Bidoni tupu ya litre 20, iliyofungwa kifuniko sawasawa, inambeba mtu mzima majini. Jile ya kuokoa maisha ni bora zaidi, lakini bidoni tunazo tayari kila nyumba. Ukirudi kutoka Kisangani na bidoni tupu, usiziweke zote chini ya magunia. Moja ibaki mkononi mwa mtoto, imefungwa kwa kamba.

Watoto wetu wanaovuka vijito kwenda shule nao wana hatari yao. Kijito ambacho asubuhi kinafika magotini kinaweza kufika kifuani saa nane, ikiwa mvua imenyesha juu, hata kama shuleni jua limewaka. Nimezoea kuona madawati matupu siku za mvua kubwa za Oktoba, na mimi sichukui fimbo wala sifuti jina la mtoto. Afadhali arudie somo la sehemu kesho yake. Wazazi waliokubaliana na majirani kwamba mtoto anaweza kulala ng'ambo maji yakijaa wamepunguza woga wao na wa mwalimu pia.

Na radi. Watoto wafundishwe kuhesabu: ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Kabla ya kufika thelathini, toka majini, ondoka shambani, usisimame chini ya mti uliobaki peke yake, ingia nyumbani. Wanaipenda hesabu hii kuliko hesabu za ubaoni.

Mto ukiingia katika vyoo na visima, kipindupindu nacho huamka. Mwaka 2025 kilipita mkoani kwetu. Chemsheni maji ya kunywa hata yakionekana meupe. Na mtu akianza kuhara, maji litre moja yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anywe njiani akipelekwa kituo cha afya.

Kuhusu samaki, msishangae bei ikipanda Oktoba na Novemba. Maji yakijaa, samaki wanaingia msituni kula matunda na kutaga, wanatawanyika mbali na nyavu. Hata Wagenia pale Kisangani, wanaofunga vikapu vyao kwenye nguzo katikati ya maporomoko ya mwisho ya Boyoma, hupambana na mto unaobeba nguzo zao. Mwenye nafasi ya kukausha au kupiga moshi samaki wa sasa, afanye sasa. Mbinzo nazo zikikaushwa vizuri zinafika Noeli.

Jile moja inauzwa ghali kwa mama mmoja. Kwa wamama ishirini wanaosafiri kwa zamu, jile nne au tano za ushirika zinatosha, ziwe zinakaa kwa mtunza hazina na kuazimwa kama tunavyoazimana sufuria kubwa za matanga. Nimeomba jambo hili liwekwe katika mazungumzo ya mkutano ujao, kabla wa kwanza kati yetu hajashuka na mpunga wake. Anayejua bei ya bichi ya Kisangani aje nayo.